Damu Kwenye Barafu ya Ukwaju

Aliingia kwa miguu yake.
Hilo niliandika kwanza, juu kabisa ya faili,
maana nimonia niliyoizoea hapa Sikonge
huletwa imebebwa, nyuma ya baiskeli,
shuka limelowa, mbavu zinaingia ndani.
Huyu Mihayo, kidato cha pili, bweni la Mninga,
alikuja na ndoo mkononi:
"Daktari, nina haraka, leo zamu yangu ya maji."

Kisha akakohoa.
Kikohozi kikavu,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba ya watu waliohama.

Siku kumi na sita. Kichwa kinamuuma kuliko kifua.
Lilianza koo, likafuata sikio la kushoto.
Joto thelathini na saba nukta tisa:
homa yenye aibu, haitaki kutajwa.
Malaria, mstari mmoja.
Kikopo cha makohozi alikihangaikia asubuhi mbili,
kikarudi na mate.
Amoksilini alishameza, siku tano, za dukani kwa Msagata,
na kilichopungua ni pesa ya matumizi.

Nikaweka chombo mgongoni.
Juu, kimya. Katikati, kimya.
Chini kulia, ukivumilia,
mchakacho mdogo, jani la tumbaku
lililokauka banini, likikanyagwa na kuku.
Basi.
Kifua kilisema machache kuliko mwenye kifua,
na hapo ndipo niliposhtuka.

"Bwenini, nani mwingine anakohoa?"
"Shija, wa kitanda cha juu, alianza kabla ya mitihani.
Alipopata nafuu nikaanza mimi.
Sasa naona Ngassa, wa dirishani, anasafisha koo."
Wiki mbili, wiki tatu, kitanda hadi kitanda,
ugonjwa usio na papara,
unapanga foleni kama ndoo bombani.

Picha ya kifua ni mpaka mjini,
na nauli ya mjini haikuwepo mfukoni mwake wala mwangu.
Nikatoka hadi getini, kwa mama Kalunde,
nikanunua barafu mbili za ukwaju.
Muuguzi Nyanzala akanitazama:
"Leo tunapima watu au tunafungua mgahawa?"

Damu kidogo, kichupa cha kifuniko cha zambarau.
Nikakibana kwenye barafu, nikahesabu hadi sitini,
nikakiinamisha kuelekea dirisha.
Haikuteleza.
Ilishika ukingo punjepunje,
uji uliokorogwa na mvivu.
Nikakifumba kiganjani. Joto langu tu, hakuna kingine.
Nikafumbua: laini, inatiririka,
kana kwamba haikuwahi kununa.
Tena barafu, punje.
Tena kiganja, laini.
Nyanzala akaacha kucheka, akaniomba ajaribu yeye.

Si uthibitisho. Najua.
Wapo wanaougua na damu yao ikanyamaza,
wapo wazima na damu yao ikapayuka.
Lakini ukiweka pamoja zile siku, lile sikio,
kile kitanda cha juu, kile kifua kinachoficha,
na ile dawa iliyopita bila kuacha alama…
Amoksilini ni fundi wa kubomoa kuta.
Mdudu ninayemshuku hajengi ukuta.
Siku tano fundi alizunguka na nyundo yake
akiulizia nyumba.

Nikaandika: *nimonia isiyo ya kawaida, inadhaniwa.*
Hilo neno la mwisho sikulipunguza herufi.
Azithromaisini. Arudi Jumatatu.
Arudi hata usiku wa manane
akianza kuhema akiwa amekaa tu.

Akaondoka akinyonya ile barafu ya pili,
Nyanzala akimfokea mpaka kwenye ngazi:
mwenye kifua, na barafu!
Ndoo akaisahau chini ya benchi.

Saa tisa alasiri akatumwa Ngassa kuifuata.
Nilimsikia kabla sijamwona.